Kati ya fiziotherapia na kairopraktiki: namna nilivyotibu mgongo wangu nikiwa Tabora

Tangu nilipoirudia biashara yangu ya asali hapa Tabora, sipiti mtaani bila kusimamishwa na mtu aliyeshika kiuno akitaka kujua nilitibiwa na nani. Nikimjibu kwamba nilitibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, wa hospitali, na kwamba sehemu kubwa ya tiba yenyewe ilikuwa kulala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono, hunitazama kana kwamba ninamficha jina la mganga. Ndiyo maana nimeona niandike.

Niliumia nikipakia madumu kwenye guta. Asali ni nzito kuliko maji, kiasi kwamba dumu la lita 20 lililojaa hukaribia kilo 28, nami nililinyanyua nikiwa nimejipinda kwa sababu gurudumu moja la guta lilikuwa ukingoni mwa mtaro. Kiuno kilikaza papo hapo. Baada ya siku chache maumivu yakashuka kupitia tako la kushoto hadi chini ya goti, yakifuatana na ganzi kwenye vidole vya mguu. Ushauri ulimiminika: wifi yangu alitaka nilale sakafuni bila godoro, jirani akaniletea mkanda wa mgongo, na mama mmoja wa sokoni akajitolea kumleta mjukuu wake anikanyage mgongoni, kwa maelezo kwamba ameshawaponya wengi. Mtoto huyo ana afya nzuri sana, kwa hiyo nilikataa.

Watu wengi wenye maumivu ya kiuno hupata nafuu ndani ya wiki sita hivi, hata wasipofanyiwa makubwa. Mimi muda huo ulinipita nikiwa bado ninavaa viatu kwa kusaidiwa, na hapo ndipo mpwa wangu alipopiga simu kutoka Dar es Salaam. "Shangazi, huko watakupa vidonge tu," alisema. "Njoo huku kwa tabibu wa kairopraktiki, anabonyeza mara moja na pingili inarudi mahali pake." Kairopraktiki ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, na msingi wake mkubwa ni kurekebisha uti wa mgongo kwa mikono. Barani Afrika mafunzo yake ya chuo kikuu yanajulikana zaidi Durban na Johannesburg, kwa hiyo si ajabu kwamba mtu wa Tabora hukutana na tiba hii kwanza kwenye video za simu.

Sasa fikiria mgonjwa ambaye kukaa ndiko kunakomuumiza, halafu unamwambia apande basi kutoka Tabora, apite Nyahua, Chaya, Itigi, Manyoni, Dodoma na Morogoro, ndipo akatibiwe kiuno. Nilikwenda. Kuanzia Manyoni nilisafiri nikiwa nimeegemea upande mmoja, na kondakta akadhani ninataka kumlalia abiria wa jirani. Kilichoniokoa ni kanga: niliiviringisha nene kama mkono wangu, nikaiweka kwenye bonde la kiuno, na mguu ukatulia kidogo. Hilo nililibuni mwenyewe, na baadaye mtaalamu wa hospitali aliponiambia kwamba ndivyo anavyowashauri wagonjwa wake, nilijisikia daktari.

Kule nilikofika, ambako sitapataja, palikuwa na viyoyozi na mfano wa uti wa mgongo wa plastiki uliong'arishwa vizuri. Nilipigwa eksirei, nikaoneshwa mstari mwekundu uliochorwa juu ya picha, nikaambiwa pingili zangu zimehama. Kisha nikalazwa ubavu, goti likakunjwa, na tabibu akasukuma nyonga kwa ghafla. Ikalia "kwaa!" Nikasimama nikiwa mwepesi kweli, na mpwa wangu akatabasamu kama aliyeshinda kesi. Ndipo mhudumu akaleta karatasi ya mahudhurio mengi yanayolipiwa kwa mkupuo, kwa bei ambayo ingeninunulia madumu ya kutosha kujaza guta. Hakuna aliyeniuliza habari za mkojo, wala aliyenigusa vidole vilivyokufa ganzi, wala aliyeniuliza ninaishi wapi. Niliomba nikafikirie, na nilipokuwa ninafikiria ndani ya basi la kurudi, Dodoma haijafika, mguu ulianza tena.

Sisemi kwamba tiba hiyo ni uongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba ya kusukuma uti wa mgongo miongoni mwa zinazoweza kumsaidia mgonjwa, pamoja na mazoezi na elimu, na wataalamu wa fiziotherapia nao huitumia wanapoona inafaa. Mwongozo huohuo haushauri mikanda ya kiuno, jambo ambalo jirani yangu hajalipenda. Ninachokataa ni maelezo ya pingili "iliyohama". Ile sauti hutokana na gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo pale shinikizo linaposhuka ghafla, wala si mfupa unaorudi nyumbani, na eksirei huonesha mifupa, haioneshi diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, inayobana neva.

Hospitalini, mtaalamu wa fiziotherapia alinichunguza kwa muda mrefu kabla ya kunitibu. Aliuliza kama mkojo au choo vinanitoka bila kujua, na kama nina ganzi katikati ya mapaja, kwa kuwa mojawapo ya hayo ingekuwa dharura ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Akauliza homa za jioni, kikohozi na kupungua uzito, maana kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo. Kisha akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akagonga goti na kisigino kwa kinyundo chake, akanitembeza kwa vidole halafu kwa visigino. "Mama, neva imebanwa lakini nguvu za mguu zipo," alisema. "Tutaanza na mwili wako mwenyewe."

Zoezi lenyewe lilinivunja moyo kwa urahisi wake. Unalala kifudifudi, viganja usawa wa mabega, unanyoosha mikono na kuinua kifua huku kiuno na nyonga vimelegea na kubaki kwenye mkeka. Aliniambia kwamba Robin McKenzie wa New Zealand alilikuta jambo hili kwa bahati mwaka 1956, mgonjwa wake mwenye maumivu ya mguu alipolala kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na akainuka akiwa na nafuu. Alinipa na kipimo: maumivu yakiondoka mguuni na kupanda kuelekea kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi, tuko njiani, yakishuka kuelekea kwenye vidole, niache na nirudi kwake. Si kila mgongo hupenda zoezi hili, na wapo wanaohitaji kinyume chake, ndiyo maana uchunguzi hutangulia.

Nyumbani hapakuwa na shida. Dukani ndiko kulikuwa na kazi, kwa sababu alitaka nilirudie kila baada ya saa chache. Nilitandika mkeka nyuma ya kaunta, na wateja wakawa wanakuta duka tupu, kisha kichwa changu kinachomoza, kinazama, kinachomoza tena. Mzee mmoja alinisubiri kwa adabu akidhani ninasali, na nilipoinuka mara ya saba au ya nane akauliza ni swala gani hiyo. Siku za wateja wengi nilisimama, nikaweka viganja kiunoni na kujipinda nyuma.

Gharama zote za hospitali hazikufikia nauli za ile safari, achilia mbali ada ya eksirei. Anayeishi Sikonge au Kaliua, ambaye hawezi kuja mjini kila wiki, amwombe mtaalamu amwandikie mazoezi kwenye karatasi, kisha ayafanye mbele yake kabla hajaondoka. Yangu niliyafanya mbele yake mara mbili, na mara zote mbili alinikuta nimeinua nyonga pamoja na kifua.