Rili ya Mkono wa Kushoto

"Kushoto au kulia?" aliniuliza muuzaji, huku amekwisha geukia rafu na kunipa mgongo. Ilikuwa majira ya kuchipua ya mwaka 2016, katika duka la vifaa vya uvuvi kaskazini mwa Dallas, Texas, nilikokwenda kununua rili, yaani kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, nami nilikuwa na umri wa miaka 34 bila kuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Nilijibu "kushoto" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akainua uso.

Nina mashoto. Nililelewa Tanga, nyumbani kwa bibi mzaa mama, ambaye alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa hilo. Kila nilipounyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye sinia, kofi lilitua juu yake kabla sijafikia wali, na kila nilipopokea kitu kwa mkono huo nilitakiwa kukirudisha na kukipokea upya. Nikajifunza kula, kupokea na kusalimia kwa kulia. Shuleni mwalimu wa darasa la pili alijaribu kunibadilisha katika kuandika pia, akachoka kabla yangu.

Mahali pekee ambapo mkono wangu wa kushoto haukuulizwa maswali palikuwa kwenye ngalawa ya mjomba. Tulivua kwa mshipi wa mkono, uliozungushwa kwenye kibao, na chubwi ya risasi upande wa chini. Ukishagusa mwamba unauinua kidogo, unaulaza juu ya kidole cha shahada, kisha unangoja. Mimi niliulaza juu ya kidole cha kushoto, mjomba akaona na asiseme kitu. Kwa kidole hicho nilijifunza kutofautisha samaki aina ya changu anayegonga mara mbili tatu upesi upesi na chewa ambaye hagongi, bali huondoka na chambo kwa uzito mmoja, kama mtu anayevuta mlango mzito. Mpaka leo, nikijaribu kusikiliza mshipi kwa kidole cha kulia, nasikia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

Huko Texas nilianza na rili ya kawaida ya wanaoanza, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Kishikio chake cha kuzungushia hufunguliwa na kuhamishiwa upande wowote, kwa hiyo suala la mkono halikunijia kabisa. Wenzangu kazini, hata hivyo, walivulia besi kwa rili ya beitikasta, ambayo hukaa juu ya fimbo, na mvuvi huidhibiti kwa kukandamiza dole gumba juu ya spuli, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi. (Besi ni samaki wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa, waliowahi kuvua Naivasha wanamfahamu, kwa kuwa alipelekwa katika ziwa hilo kutoka Marekani mwaka 1929.) Walisema rili hiyo hutupa chambo kizito kwa shabaha nzuri zaidi na huvumilia mshipi mnene, maneno ambayo ni ya kweli. Kuhusu upande wa kishikio hawakuniambia kitu, na sidhani walificha. Wote walikuwa watu wa kulia, na mtu wa kulia hafikirii mikono.

Hiyo beitikasta ya kushoto ndiyo muuzaji alilazimika kwenda stoo kuitafuta. Rafu nzima ilikuwa imejaa za kulia, na za kushoto zilikuwa chache, tena za bei ya juu kidogo. Nililipa dola 90 na ushee bila kinyongo, nikiamini kwamba hatimaye nimekutana na kiwanda kilichokumbuka kuwa watu kama mimi tupo.

Jumamosi ya kwanza, katika Ziwa Lewisville, sikuvua chochote isipokuwa mshipi wangu mwenyewe. Spuli ya rili hii huzunguka yenyewe wakati chambo kinaporuka, na chambo kikipunguza mwendo huku spuli ikiendelea kwa kasi ileile, mshipi hufumuka na kujifunga vitanzi juu ya vitanzi. Wamarekani huita hali hiyo kiota cha ndege. Sisi tuna neno lililo karibu zaidi na ukweli, kwa sababu kutatiza ni kuzongazonga nyuzi, na nilikaa kwenye jiwe robo tatu ya saa nikifumua matata kwa maana yake ya asili. Jioni nilijifunza kukaza kitufe cha pembeni mpaka chambo cha gramu 14 kishuke polepole, na spuli isimame chambo kinapogusa ardhi. Nilijifunza pia kuanza na breki nyingi na kuzipunguza kadiri dole gumba linavyozoea. Jumamosi ya tatu viota vilikuwa vimepungua.

Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, na sikukijua jina. Nilikuwa natupa kwa kushoto, mkono wenye nguvu na shabaha. Chambo kikiruka, kishikio kilikuwa upande uleule wa kushoto, kwa hiyo nililazimika kuihamishia fimbo mkono wa kulia ili wa kushoto uzungushe. Hapo katikati, fimbo ikiwa haiko mkononi mwa mtu kwa hakika, mshipi ulilegea na chambo kikazama kinavyotaka. Besi ana tabia ya kukidaka chambo kinaposhuka, na mara mbili niliuona mshipi ukienda pembeni wakati mikono yangu ingali inapokezana. Hata nilipokwisha kushika vizuri sikusikia kitu, maana fimbo ilikuwa imekaa kwenye mkono ule wa nyuma ya ukuta. Kiganja changu cha kushoto nacho kililalamika wakati wa kutupa: ubavu laini wa rili, ule uliotengenezwa ili ukae ndani ya kiganja, ulikuwa upande wa kulia, na mimi nilikumbatia gia, kishikio na ile nyota ya kurekebisha ukazo.

Nilidhani tatizo ni mazoezi. Kisha nikadhani kishikio kinaweza kuhamishwa kama cha rili yangu ya kwanza, na usiku mmoja nikaifungua juu ya meza ya jikoni. Haihamishiki. Gia zote zimepangwa ubavu mmoja, ndogo kwa kubwa, kiasi kwamba mzunguko mmoja wa kishikio unaizungusha spuli mara 6.3, na ubavu wa pili hauna mahali pa kufunga chochote. Baadaye nilisoma kwamba rili za ukoo huu zilistawi mikononi mwa mafundi saa wa Kentucky mwanzoni mwa karne ya 19, nami sikushangaa, kwa kuwa ilinichukua saa mbili kuifunga tena na skrubu moja ikabaki.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa na kiti chake cha kukunja kwenye gati. Alinitazama nikitupa mara nne au tano, kisha akauliza kwa nini mtu wa mashoto anatumia rili ya watu wa kulia. Nilimwonyesha herufi L iliyopigwa kwenye boksi. Akacheka bila ubaya, akaniambia kwamba jina hilo linataja upande wa kishikio tu, wala halimtaji mwenye rili. Wanaonunua kishikio cha kushoto, alisema, ni watu wa kulia wanaotaka kutupa kwa kulia, kuishika fimbo hapohapo na kuzungusha kwa kushoto, bila kupokezana. Wengi wa rika lake walizoea kutupa kwa kulia na kubadilisha mkono kila mara, kwa sababu ujanani mwao madukani hakukuwa na nyingine zaidi ya za kulia, na mazoea hayo wamewarithisha watoto. "Wewe," akasema, akinipa fimbo yake, "ndiye pekee hapa uliyetengenezewa hii." Ilikuwa rili ya kulia ya kawaida kabisa. Niliishika kwa kushoto, ubavu laini ukajaa kiganjani, nikatupa, na mkono wa kulia ukakuta kishikio kinaungoja.

Usiku ule nilimpigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Mmevua nini huko?"

Nilimweleza yote, pamoja na bei. Alinyamaza akiipanga habari kichwani, maana hajawahi kuiona rili ya namna hiyo, kisha akauliza: "Sasa mshipi ulikuwa unausikiliza kwa mkono upi?" Nikamwambia wa kulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi yako alihangaika miaka kumi akupeleke kulia ukakataa, umekwenda kulipia mwenyewe!"

Duka lilikataa kuipokea, kwa kuwa nilikwisha itia mshipi na kuifungua, na kwa haki sikuwa na hoja. Ukweli ni kwamba swali la muuzaji lilikuwa pungufu, na jibu langu lilitoka kwenye kidonda cha zamani badala ya kutoka kwenye mkono. Angeniuliza natupa kwa mkono upi, au fimbo itakaa mkono upi baada ya kutupa, ningejibu sawasawa. Nilinunua ya pili, ya kulia, kutoka rafu iliyo mbele ya macho ya kila mtu, kwa dola 20 pungufu. Nilipokuwa nikitia sahihi kwenye risiti, muuzaji yuleyule aliitazama kalamu yangu, akatazama boksi, akasita. "Una hakika si ya kushoto?" aliuliza. Nilimwambia nina hakika.

Wiki mbili baadaye, pembeni mwa majani ya maji, chambo kilikuwa bado kinashuka nilipogongwa mara moja kwenye kidole cha shahada cha kushoto, kavu na fupi, si kama changu wala si kama chewa. Nilizungusha. Alikuwa besi wa inchi 13, na kipimo cha chini kinachoruhusiwa Texas katika maziwa mengi ni inchi 14, kwa hiyo nilimtoa ndoana nikamrudisha majini.