Risiti ziko wapi?

Jana mkutano wa kijiji chetu huku Rungwe ulinoga! Mtendaji kasoma mapato na matumizi mbiombio kama konda anayetaja vituo, akitegemea mvua itutawanye. Wapi! Mama mmoja kasimama: "Mwanangu, hebu rudia hapo kwenye saruji. Mifuko uliyotaja na huu ukuta wa zahanati mbona haviendani?" Mtendaji kafunua daftari, kalifunga, kalifunua tena. Risiti? "Zipo ofisini." Wazee wakamwambia kazifuate, tunasubiri. Zikaja nusu. Sisemi kaiba, lakini nusu ni nusu, na kamati ya kufuatilia imeundwa palepale.

Mkutano huu kisheria ni kila baada ya miezi mitatu, ila kwetu ulishakuwa wa msimu. Ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) nayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi, ikifika Bungeni tunapiga kelele wiki mbili, basi. (Kelele zenyewe nazipenda, sikatai.) Tatizo CAG anakagua tu, hamkamati mtu. Kuchunguza rushwa ni kazi ya TAKUKURU, na ukiwapigia 113 hulipii kitu. Kijijini kwenu mara ya mwisho mmesomewa lini?