Siku moja maishani mwangu: nalea seli za msuli wa kubana mkojo

Saa moja asubuhi. Kazi ya kwanza ni kusoma namba mbili kwenye inkubeta, kabati la kukuzia seli: joto nyuzi 37, kabonidayoksaidi asilimia 5. Zikiwa sawa, moyo unatulia. Ninazolea humo ni seli shina za msuli, yaani zile zinazoweza kugawanyika na kuwa msuli mpya, na msuli wenyewe si wa mkono wala wa paja. Ni ule mdogo unaozunguka mrija wa mkojo wa mwanamume, chini kidogo ya tezi dume. Ndio unaomwezesha mtu kukohoa, kucheka au kunyanyua mzigo bila kujilowesha. Wengi hawajui kuwa wanao mpaka siku utakapolegea.

Saa mbili mpaka saa nne ni yale ya kila siku: kubadilisha chakula cha seli, kufuta kila kitu kwa spiriti, kuandika daftari, kugawa sahani iliyojaa. Hili la kugawa halisubiri. Seli zikibanana zinaanza kuungana ziwe nyuzi za msuli, na ikishakuwa uzi haigawanyiki tena.

Saa nne ndipo sampuli ilipotakiwa kufika. Mgonjwa wa saratani ya kibofu alikuwa anatolewa kibofu, tezi dume na sehemu ya mrija. Mkojo wake utapitishwa njia nyingine, kwa hiyo msuli ule hatauhitaji tena, na alisharidhia kwa saini tupewe kipande. Saa nne ikapita. Saa tano nikapiga simu thieta, chumba cha upasuaji, nikajibiwa, "Bado, dada." Saa sita na nusu kimetoka, lakini sharti daktari wa patholojia akikague kwanza. Hapo sina neno: matibabu ya mgonjwa yanatangulia utafiti, siku zote. Kilichoniudhi ni kilichofuata. Kisanduku chenye barafu kilifika mapokezi, kikawekwa kando kwa sababu fomu ilikosa muhuri, na hakuna aliyetuambia. Nilikikuta saa nane kasoro, barafu imeshaanza kuyeyuka.

Nikamwambia mama wa mapokezi, "Mama, naomba nikichukue, hiki kiko hai."

"Kiko hai vipi na kimeshakatwa?"

Nikamweleza huku nimekishika. Kimekatwa, lakini seli zilizomo bado zina uhai, na kila saa inayopita zinapungua. Akanitazama, akanyanyua simu mwenyewe, muhuri ukapatikana. Angejua mapema angefanya hivyo mapema, naamini. Ndiyo maana naandika haya.

Kipande chenyewe hakizidi milimita tano. Chini ya hadubini unaona mafuta ya manjano, tishu nyeupe ngumu, na katikati yake michirizi michache ya rangi ya waridi. Hiyo michirizi ndiyo msuli. Nikabandua mafuta kwa ncha ya kisu, nikaikatakata laini, nikaiweka kwenye kolajenasi, kimeng'enya, iyeyushe kinachoshikilia seli pamoja. Ninazozitafuta, zile seli shina za msuli, zinaitwa seli setelaiti. Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 kwa hadubini ya elektroni. Zinalala kati ya uzi wa msuli na utando unaoufunika, zikiwa na protini ya Pax7. Msuli ukiumia zinaamka, zinatengeneza protini nyingine, MyoD, zinagawanyika, kisha zinaungana kuwa nyuzi mpya. Kwa misuli ya miguu haya yamechunguzwa kwa kina. Msuli wetu ni wa namna yake: nyuzi zake ni nyembamba, nyingi ni za mwendo wa polepole zisizochoka upesi, na umekaa kama herufi U iliyogeuzwa, mnene mbele, hafifu nyuma. Sisi tunataka kuona seli zake zinakuaje zenyewe, kwa sababu majaribio mengi ya tiba huchukua seli za paja au mkono na kuzidunga hapo.

Kolajenasi ikiwa inafanya kazi yake, simu ikalia. Mzee mmoja, sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mna sindano ya seli shina. Ni bei gani?"

Alitolewa tezi dume, na tangu hapo mkojo haumtii. Hapandi basi, hakai kikaoni. Nilimwambia ukweli: hatuuzi sindano, tiba hiyo bado iko kwenye majaribio, na anayemuuzia leo kama dawa iliyothibitishwa anamdanganya. Nikamsihi arudi kwa daktari wake aulizie mazoezi ya misuli ya nyonga na, yasipomtosha, upasuaji wa kuwekewa kibanio cha bandia. Aliuliza mara mbili kama kweli kipo. Kipo, mzee. Kuhusu sindano, mwaka 2008 jarida la tiba la Lancet lilifuta ripoti ya jaribio la sindano za aina hii, lililofanywa kwa wanawake, kwa kasoro kubwa za kimaadili na za uendeshaji. Watu kama huyu mzee ndio wanaoumia mambo yakiendeshwa hivyo, ndiyo maana siachi kuandika daftari langu hata nikiwa hoi.

Baada ya hapo sikutazama saa. Kuchuja, kuzungusha kwa mashine ili seli zitue chini, kuchuja tena. Mgongo unauma, macho yanawasha. Fibroblasti, seli za tishu unganishi tusizozitaka, hushika plastiki upesi, seli za msuli huchelewa, kwa hiyo unasubiri, unavuta kimiminika, unakihamishia sahani nyingine. Ukiharakisha, baada ya wiki una sahani iliyojaa fibroblasti tupu. Nikisubiri nikatazama sahani ya zamani tuliyoipunguzia seramu, sehemu ya chakula chao inayozihimiza kugawanyika, ili seli ziungane, kisha tukaitia rangi: nyuzi changa kama mirija mirefu, viini vya buluu vimejipanga ndani ya mrija mmoja, miosini, protini ya msuli, inang'aa kijani. Zilitoka kwenye kipande kidogo kama hiki cha leo. Nilisahau mgongo.

Giza lilishaingia nilipoziweka mpya kwenye inkubeta. Kesho asubuhi zamu ni ya mwenzangu. Nimembandikia karatasi mlangoni: sahani za rafu ya juu zisiguswe mpaka mchana, ziachwe zishike.