Chumba cha modeli kisikusahaulishe migomba

Anayekuja London kusomea uchoraji hushtushwa kwanza na chumba cha modeli: mtu yuko uchi jukwaani, nawe uchore unachokiona, basi. Mchoraji Sam Ntiro wa Kilimanjaro aliingia Slade, chuo cha sanaa cha hapa London, mwaka 1952, tayari akiwa mwalimu Makerere. Kule Makerere alifundishwa na Margaret Trowell, ambaye alisimulia tukio kisha wanafunzi wakachora lililowajia kichwani. Cha kuchekesha, Trowell mwenyewe alisomea Slade.

Kuchora modeli ni kupima. Shika penseli, nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, pima kichwa, kisha hesabu kinaingia mara ngapi mwilini. Mtu mzima aliyesimama hufikia vichwa saba hadi saba na nusu. Kiwiko kikikunjika hata kidogo, kipimo kimekufa, na hapo ndipo miguu mifupi inapozaliwa. Ubao unaoshika karatasi nao usimame. Ukiulaza mapajani, juu ya karatasi panakuwa mbali na jicho, unapakuza bila kujua, na ukija kuusimamisha unakuta kichwa kimevimba. Mikao ya dakika 1 hadi 5 tumia mkaa. Penseli iliyochongwa itakupeleka kwenye kope kabla mgongo haujapatikana.

Jioni, bila kuitazama kazi ya mchana, chora mkao uleule kwa kumbukumbu. Kesho linganisha. Palipo patupu ndipo ulipochora bila kuona. Vyuo vingi havikulazimishi kufanya hivi, na kwa maoni yangu ni hasara, kwa sababu miaka mitatu ya kunakili mbele ya modeli huweza kumwacha mtu hawezi kuchora shamba la kwao mpaka apate picha ya simu.

Ntiro hakufika huko. Picha yake ya 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, na ni Uchagani mtupu. Alirudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru wa 1961 akawa balozi wa Tanganyika huku London.

Ukipata darasa la kufundisha, usiguse karatasi ya mwanafunzi. Mwonyeshe kosa pembeni, kwenye karatasi yako, kisha mpe penseli apime upya mwenyewe.