Wanachama 43 Walionifundisha Maana ya NULL

Nilikuwa nimeombwa ripoti fupi ya hali ya uanachama: ni wanachama wangapi walio hai kwenye orodha, na ni wangapi waliojitoa au kusimamishwa. Jedwali lilikuwa na mistari 640. Ulizo (amri ya kuomba data) la kwanza, lenye sharti hali = 'hai', lilinipa 410, na la pili, lenye sharti hali <> 'hai' (yaani hali si 'hai'), likanipa 187. Nilijumlisha nikapata 597. Niliirudia hesabu hiyo mara kadhaa, kwa kuwa kwa fikra zangu za wakati ule mwanachama ama yuko hai ama hayuko, na hapakuwa na mahali pa tatu pa kuwaweka wale 43 waliokosekana.

Nilifungua safu nzima ya hali kwenye psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata niliokuwa nikiutumia, nikakuta visanduku vitupu 52, wala si 43 nilivyotarajia. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba psql, isipoelekezwa vinginevyo, huonyesha NULL (alama ya kisanduku ambacho thamani yake haikuandikwa) kama nafasi tupu, ambayo kwa macho haina tofauti yoyote na matini yasiyo na herufi hata moja. Niliandika amri \pset null 'haijulikani', kisha nikarudia ulizo lile lile. Visanduku 43 vikajaa neno hilo na 9 vikabaki vitupu. Wale 9 walikuwa wameandikiwa matini tupu, na kwa kuwa matini tupu si 'hai', tayari walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa wale 187.

Hapo nililazimika kuacha kuisoma NULL kama "hakuna kitu" na kuanza kuisoma kama "thamani haijulikani". Ukiuliza iwapo jambo lisilojulikana ni sawa na 'hai', jibu la haki ni kwamba haijulikani; ukiuliza iwapo ni tofauti na 'hai', jibu ni lile lile; na hata NULL = NULL haitoi kweli, kwa sababu huwezi kuthibitisha kwamba mambo mawili usiyoyajua yanafanana. WHERE, sehemu ya ulizo inayobeba sharti la kuchuja, hupitisha mstari pale tu sharti linapokuwa kweli, kwa hiyo wale 43 waliachwa na maulizo yote mawili bila kosa lolote kutangazwa. Sharti hali IS NULL liliwatoa wote, na hali IS DISTINCT FROM 'hai', ambalo huhesabu NULL kama tofauti na 'hai', likanipa 230, yaani 187 pamoja na 43.

Kilichonichukua muda zaidi ni NULL ambazo hakuna aliyeziandika. Nilipounganisha wanachama na malipo yao kwa LEFT JOIN, muungano unaobakiza kila mstari wa jedwali la kwanza hata usipopata wa kuoana nao, kila mwanachama asiye na malipo alitokea na NULL katika safu zote za jedwali la malipo, ingawa jedwali hilo lenyewe halikuwa na NULL hata moja. Kisha nikaongeza WHERE malipo.mwaka = 2023, na wanachama hao wote wakatoweka, kwa sababu mwaka wao sasa ulikuwa haujulikani. Nilipolihamishia sharti hilo kwenye ON, sehemu ya muungano inayoeleza mistari ioanishwe vipi, walirudi.

NOT IN, sharti la "si mojawapo ya hizi", nayo ina hatari ya namna hiyo hiyo: NULL moja ndani ya orodha inayolinganishwa inatosha kufanya ulizo lisirudishe mstari wowote, na ndiyo maana siku hizi natumia NOT EXISTS, sharti la "hakuna mstari unaolingana".

Katika wastani, nilijaribu jedwali dogo lenye alama 10, 20 na NULL. COUNT(*), inayohesabu mistari yote, ilitoa 3, COUNT(alama), inayohesabu alama zilizopo tu, ikatoa 2, na AVG, yaani wastani, ikatoa 15, kwa kuwa iliiacha NULL kando. Kwa COALESCE(alama, 0), inayoweka 0 mahali pa NULL, wastani ulishuka hadi 10. Wengi hukimbilia COALESCE ili matokeo yapendeze, lakini mimi naona ni jambo zito, kwani sifuri hiyo inadai kwamba mtu alifanya mtihani akakosa kila kitu, ilhali pengine hakuufanya kabisa.

Ripoti niliyoikabidhi ilikuwa na mistari minne badala ya miwili: hai 410, wasio hai 178, hali iliyoachwa tupu 9, na hali isiyojulikana 43. Niliambatanisha majina ya hao 52, ili anayewafahamu aweze kuijaza safu hiyo kwa taarifa ya kweli.