Gadi, tairi pana na boksi: nduthi yako inaweza kulala kona kiasi gani?

Kona haijali injini yako ni ya sisi (cc) ngapi wala umebeba kilo ngapi. Inaangalia kasi na ukubwa wa duara unalozunguka, basi. Ukizunguka raundabauti njia yako ikiwa mita 20 kutoka katikati, kwa kilomita 30 kwa saa unahitaji kulaza pikipiki digrii 20 hivi kutoka wima. Kwa kilomita 40 ni digrii 32, na kwa 50 zimepita 44. Mwenye Boxer tupu na mwenye Boxer iliyojaa kreti za soda hulala karibu sawasawa.

Kwa hiyo vingi tunavyofungiwa na mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, havipunguzi digrii ambazo kona inadai. Vinakula zile ulizo nazo kabla chuma hakijagusa lami.

Gadi, lile bomba la kukinga injini na miguu, ndiyo mlaji mkubwa. Ile ya kuchomelewa mtaani hutanuliwa ili ikinge magoti kwenye foleni, na hapo ndipo shida inapoanzia. Tuseme ukingo wake wa chini uko sentimita 30 kutoka katikati ya pikipiki na sentimita 17 juu ya ardhi. Gawanya 17 kwa 30, unapata 0.57, yaani gadi itagusa ukilala chini kidogo ya digrii 30 (namba za kugeuza jibu kuwa digrii ziko hapo chini). Sasa pandisha abiria na gunia la viazi, springi zishuke sentimita 4. Umebaki na 13 kwa 30, digrii 23 tu. Kwenye raundabauti ile ile, gadi iliyokuwa iguse kwa kilomita 38 kwa saa sasa itagusa kwa 33. Bado hujakanyaga shimo.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Jaza upepo sawasawa, weka pikipiki kwenye sakafu iliyonyooka, mmoja aishike wima huku wewe na abiria mmekaa juu yake. Mwingine achore kwa chaki mstari kutoka katikati ya tairi la mbele hadi la nyuma, kisha ateremshe uzi wenye nati kutoka kwenye ncha ya gadi, futresti, stendi na eksozi. Kila ncha ina kimo chake na umbali wake kutoka kwenye mstari. Gawanya kimo kwa umbali: 0.47 ni digrii 25, 0.58 ni 30, 0.70 ni 35, 0.84 ni 40. Pima pande zote mbili, maana hazifanani. Kenya tunazunguka raundabauti tukilalia kulia, upande wa eksozi na pedeli ya breki. Kushoto kuna stendi, na ikiwa abiria wamezoea kupanda pikipiki ikiwa imeegemea stendi, chuma hupinda na kuning'inia chini kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kinachogusa kwanza kiwe kitu kinachokunjika. Futresti ina bawaba kwa sababu hiyo: ikikwaruza inakunjika na wewe unapata onyo. Gadi haikunjiki. Ikigusa, inabeba uzito uliokuwa kwenye tairi, tairi la nyuma linanyanyuka, na mnaondoka wote. Fundi akikuchomelea futresti iliyolegea ili isicheze, amekuondolea onyo lako. Badilisha pini na springi badala yake. Na gadi ikibidi, ibane karibu na injini, bomba lake la chini lipande kuelekea nje badala ya kwenda sambamba na ardhi.

Wengine hutafuta kimo kwa kuinua shokapu za nyuma. Unapata nafasi, ndiyo, lakini usukani nao unabadilika. Kuinua nyuma sentimita 2 kwenye pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli husimamisha foki karibu digrii moja. Usukani unakuwa mwepesi kuingia kona na wenye wasiwasi kwenye mwendo wa kasi, hasa ukishuka kutoka Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi huku umeshika breki. Ukifanya hivyo, rekebisha cheni upya. Kama tatizo lako ni mzigo tu, kaza kwanza kola za shokapu (pete zinazobana springi), ngazi sawa kushoto na kulia. Hiyo ni bure.

Tairi pana nyuma sipendi kabisa. Pikipiki nyingi za boda hutoka na 2.75-17 mbele (upana inchi 2.75, rimu ya inchi 17) na 3.00-17 nyuma, kwenye rimu nyembamba; angalia maandishi kama 1.85×17, yaani rimu yenye upana wa inchi 1.85. Ukivalisha 120/80-17 (upana milimita 120) kwenye rimu hiyo, kuta zake hubanwa ndani na kichwa chake huchongoka. Ukiwa wima inakanyaga sehemu ndogo, ukilala inaangukia upande ghafla. Isitoshe, tairi pana hudai ulale zaidi kidogo kwa kasi ile ile, kwa sababu sehemu inayokanyaga husogea upande wa ndani. Ongezeko ni dogo, mara nyingi halifiki digrii moja, lakini ni la kulipia bure. Tairi za meno makubwa ni za matope. Kwenye lami meno hupinda na nyuma inayumba.

Boksi la delivari: kilo 20 zikikaa sentimita 25 nyuma ya ekseli huondoa karibu kilo 4 kwenye tairi la mbele. Hapo pikipiki hupanua kona, inakwenda nje kuelekea njia ya matatu. Sogeza kerea mbele hadi boksi liguse kiti, vizito vikae chini. Mwavuli nao hukamata upepo, na kwenye kona upepo wa ubavuni hubadilisha mlalo bila kukuuliza.

Upepo wa tairi fuata kibandiko cha pikipiki yako. Kwa pikipiki za aina hii huwa karibu na psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi, kabla tairi hazijapata moto.