Bibi Aliyechanganyikiwa Ghafla: Tulivyomhudumia Bila Kumfunga Mikono

Nikipokea zamu na kuambiwa kuna bibi amechanganyikiwa, swali langu la kwanza huwa: tangu lini? Kama jibu ni "tangu mwaka juzi anasahausahau," hiyo huenda ni demensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nao huenda polepole. Kama ni "tangu jana usiku," sikai chini. Mzee anayebadilika ndani ya saa au siku chache, mara anaelewa, mara anaweweseka, nahesabu ana deliriamu mpaka tuhakikishe vinginevyo. Deliriamu ina chanzo mwilini, na chanzo hicho kinatafutwa: maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka, malaria, choo kigumu, mkojo kuziba, maumivu, dawa. Shida ni kwamba wazee wengi tunaowapokea wana vyote viwili, na ndugu wakishasema "ni uzee tu" hakuna anayetafuta tena.

Nipo wodi ya mifupa ya wanawake, mkoani Tanga. Bibi mmoja aliletwa kutoka Muheza baada ya kuteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Alipotoka kufanyiwa upasuaji, ripoti ya usiku ikasema: msumbufu, anavuta mpira wa mkojo, amefungwa mikono. Nikamkuta kafungwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, ngozi ya mikono imeanza kuchubuka, anamwita dada yake aliyekwisha kufariki. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akageuza shingo, hakuitikia. Nimehudumia wazee waliosahau majina ya watoto wao na bado "marahaba" inawatoka bila kufikiri. Nikiona hata hiyo haiji, huwa nashtuka.

Nikafungua bandeji. Wenzangu hawakufurahi, na siwalaumu. Wauguzi wa usiku ni wachache na bibi akianguka tunaulizwa sisi. Lakini mzee aliyefungwa hupambana zaidi, huumia, na kuweweseka kwake huongezeka. Nikapapasa chini ya kitovu: pamejaa, pagumu, naye akaruka. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja na mfuko hauna kitu. Nilipounyoosha, mkojo ukateremka kwa kasi, na uso wake ukalegea kabla sijamaliza kutandika shuka. Kumbe alikuwa anang'oa kinachomuumiza! Asubuhi daktari akakubali mpira utolewe, tukabaki na bedipani, chombo cha kujisaidia kitandani. Choo nacho kilikuwa kimefunga tangu aanze tramadoli, dawa kali ya maumivu. Akaandikiwa dawa ya kulainisha, na parasetamoli ikawa ya saa maalumu badala ya kusubiri alie.

Kupima natumia 4AT, kipimo kifupi kilichotoka kwa wataalamu wa Edinburgh: uchangamfu wake, maswali manne (umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu), kutaja miezi kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba, na kama kuna badiliko la ghafla. Alama 4 au zaidi zinaashiria deliriamu. Kwa bibi ambaye hakusoma, tarehe ya kuzaliwa haina maana. Yeye anajua kwamba uhuru ulimkuta ana mtoto mgongoni. Miezi kwa kurudi nyuma humshinda hata akiwa mzima. Basi namwomba siku: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Sijazi alama kwa hilo, maana si kipimo tena kama kilivyotungwa. Naangalia tu kama anaushika mstari au anaupotezea njiani. Huyu alipofika kutaja Alhamisi akaanza kuniuliza nani kafunga mbuzi.

Usiku uliofuata balaa likawa chandarua. Chetu ni cheupe, na kila kikishushwa alipiga mayowe kwamba anavishwa sanda akiwa hai. Kumwambia "hapana bibi, hii ni neti" kulimthibitishia tu kwamba nasi tuko upande wa wazikaji. Binti yake akaleta cha buluu kutoka nyumbani, chenye kiraka alichokishona bibi mwenyewe. Akakishika kile kiraka, akakisugua kwa kidole gumba, akalala. Miwani ilikuwa kwenye mkoba wa binti "isije ikaibiwa"; ikarudi machoni. Taa ya juu yake tukaizima usiku, mchana tukamsogeza dirishani na kumketisha. Kijana wake alitaka kumtoa akaombewe dua. Nikamwambia dua isomwe hapohapo kitandani, na sauti ya mwanawe ilimtuliza kuliko sindano.

Sindano ina mahali pake. Mgonjwa akiwa hatarini, daktari anaweza kuandika haloperidoli kidogo, dawa ya kutuliza. Diazepamu, dawa ya kuleta usingizi, kwa mzee wa hivi huzidisha mambo, labda kama chanzo ni kuacha pombe ghafla. Hata Piriton ya mafua inaweza kumvuruga.

Wanaopiga kelele angalau wanaonekana. Ninaowaogopa ni wanaolala kimya na ripoti inaandika "ametulia." Mama mmoja wa kisukari alitulia hivyo, tukampima, sukari iko chini kabisa. Vidonge vya kushusha sukari alikuwa anapewa kwa saa, uji unarudi kama ulivyokuja.

Bibi wa Muheza aliruhusiwa akiwa anamjua binti yake, ingawa jioni bado alimuulizia dada. Binti akaniambia hata kabla ya kuanguka alikuwa anatia chumvi mara mbili na kupotea akitoka shambani. Nikamweleza kwamba kuweweseka kunaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, kwamba huenda kumbukumbu isirudi ilipokuwa, na kwamba asimnunulie dawa ya usingizi duka la dawa. Akibadilika tena ghafla, amrudishe siku hiyohiyo.

Siku hizi mzee akilazwa, ukurasa wa mbele wa faili tunaandika kawaida yake nyumbani: anamjua nani, anatembeaje, sikio lipi linasikia, kwao anaitwaje. Ndugu mmoja anaruhusiwa kulala naye. Sista inchaji alikubali, ila bado analalamikia mikeka.